Mkopo wa bajaji nilisaini bila kutetemeka, barua ya posa imenishinda

Dereva wa Mbagala: Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 34, naendesha bajaji. Naishi na mwenzangu, huu mwaka wa tatu. Majirani wanajua ni mke wangu. Bahasha ya posa nilinunua Januari, na mshenga nimeshampata, mzee wa hapa mtaani. Kila wiki nasema wiki ijayo. Juzi mwenzangu alikuwa anatafuta foronya kabatini, akaiona ile bahasha chini ya mashuka. Akairudisha palepale, hakusema neno. Tangu siku hiyo usingizi sina. Sichepuki, sina mwingine. Mkopo wa bajaji wa miezi 18 nilisaini siku moja na rejesho sijawahi kuchelewesha. Sasa hapa nakwama wapi?

Fundi Rangi: Usije ukawa unasubiri kumaliza kujenga. Mimi nilisubiri. Nyumba ilipofika lenta, yeye akaolewa Morogoro. Lenta ipo mpaka leo, njoo uione.

Mwanasheria wa Kijiweni: Mkuu, soma kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Mkikaa pamoja miaka 2 au zaidi na watu wakawatambua kuwa mume na mke, mahakama huchukulia mmeoana mpaka ithibitike vinginevyo. Unaogopa kuhamia nyumba ambayo umeshalala humo siku nyingi.

Nesi wa Zamu: Mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Caryl Rusbult, aliandika tangu 1980 kwamba mtu hung'ang'ania uhusiano kwa kutazama anavyoridhika nao, kama ana pengine pa kwenda, na alichokwisha kuweka humo. Kwa maelezo yako kote umepita, kwa hiyo mapenzi yapo. Nikuulize kitu kingine kaka: nyumbani kwenu wazee waliishije?

Dereva wa Mbagala: Dada, hapo umenigusa. Mzee alimuoa mama kanisani, mahari akamaliza yote, hakudaiwa hata mbuzi. Nikiwa darasa la nne akaaga anafika Kahama mara moja. Cheti cha ndoa mama anacho hadi leo, kakihifadhi ndani ya Biblia.

Fundi Rangi: Duh. Pole mkuu. Nafuta utani wangu.

Mama Wawili: Mwanangu, mkopo ulisaini kwa sababu uliijua siku utakayoumaliza. Hiki unachokiogopa hakina tarehe, na wewe umeona kwa macho yako kinavyoweza kukatika hata kikiwa na cheti. Sikulaumu. Ila mwenzako ameiona bahasha imekaa miezi yote hiyo. Unadhani anawaza nini usiku? Hajui kama unamwogopa baba yako. Anadhani kasoro ni yeye. Hiyo habari ya Kahama umeshamwambia?

Dereva wa Mbagala: Hapana mama. Anachojua ni kwamba mzee alisafiri. Anatoka kazini saa kumi na mbili, kaniagiza mkaa na dagaa. Ngoja niwahi sokoni.