Ndege wa Mbudya: naomba msaada kuwatambua hawa

Dada_wa_Tegeta

Wakuu, habari za jioni. Jumapili nilivuka kwenda kisiwa cha Mbudya, hapa Dar es Salaam, kwa boti ya Kunduchi, na kamera yangu ya mtumba yenye lenzi ya milimita 300. Wenzangu walibaki kuogelea na kusubiri samaki wa kukaanga, mimi nikafuata ufukwe hadi pale mchanga unapokutana na mwamba. Maji yalikuwa yamekupwa.

Kulikuwa na ndege wakubwa kama kumi na wawili, weupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mweusi mnene usiopinda. Mmoja alimkimbiza kaa, akamnasa, akampigapiga chini mpaka miguu ikaanza kung'oka. Nyuma yake alisimama mwingine wa rangi ya kijivujivu, amejikunyata, analia kama filimbi bila kunyamaza. Yule wa kwanza akamwachia kaa. Nilishusha kamera nikabaki naangalia tu. Mtoto kimo sawa na mzazi, na bado analishwa! Ni ndege gani? Halafu picha zimeungua, weupe wote umekuwa kama karatasi, hauoni hata unyoya.

Swali linaloninyima usingizi zaidi ni vile vitwitwi vidogo. Juu rangi ya mchanga, chini weupe, wanakimbia hatua tano, wanasimama, wanadonoa. Kitabu kinanionyesha aina tatu, na mimi naona ndege mmoja tu mara tatu.

Nahodha_Kunduchi

Dada, karibu sana. Majina ya kitaalamu nawaachia wengine, mimi nikuambie maji, maana ndege hawa wanafuata maji kuliko saa.

Ulikwenda maji makavu. Wakati huo ndege wametawanyika kwenye mwamba wote, ukimsogelea mmoja anahama. Nenda siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Huku kwetu siku hizo maji hukupwa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, yakaanza kurudi, yakajaa jioni kwenye saa kumi. Wewe fika mapema, kaa mchangani juu ya mstari wa mwani, jua likiwa mgongoni, tulia. Kuanzia saa nane maji yenyewe yatawasukuma mpaka ulipo. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mwamba haufunikwi vizuri, utasubiri bure.

Ila panga mapema na mwenye boti kuhusu saa ya kurudi, usije ukaachwa.

Darubini_Mkononi

Nahodha amesema kweli tupu. Naongezea upande wa utambuzi.

Yule mkubwa ni mla-kaa, Dromas ardeola. Familia nzima ni yeye peke yake, hana ndugu mwingine. Huzaliana pwani za Uarabuni na Bahari ya Shamu, kisha huja kwetu miezi ya kaskazi, na mtoto anaendelea kuomba chakula hata akiwa huku. Ulichokiona ni chenyewe kabisa. Kuhusu picha: kamera inadanganywa na mwamba wenye giza, inaongeza mwanga, weupe unaungua. Punguza mwanga kwa hatua moja, kasi ya kupiga isishuke chini ya 1/1000 ya sekunde, na lala kifudifudi ili lenzi iwe usawa wa jicho lake.

Vitwitwi sasa. Anza na shingo kwa nyuma. Ukiona mkanda mweupe unaozunguka, huyo ni Charadrius marginatus, mwenyeji wetu, anakaa mwaka mzima na anataga papo hapo kwenye mchanga mkavu. Tafadhali angalia unapokanyaga, akiondoka huyafukia mayai kidogo kwa mchanga, huwezi kuyaona.

Kama hakuna mkanda, ni mmoja wa wale wageni wawili kutoka Asia. Pima mdomo. Ukiugeuza kwa mawazo uelekee nyuma kuanzia ulipoota, kwa yule mkubwa (leschenaultii) ncha inafika nyuma ya jicho au inapita. Kwa mdogo inaishia jichoni. Miguu ya mkubwa ina umanjano wa kijani, ya mdogo ni kijivu cha giza, lakini usiiamini miguu yenye tope. Na akiruka, vidole vya mkubwa huchungulia nyuma ya mkia.

Kijana_wa_Msasani

Na ukiona kitwitwi mnene wa kijivu, subiri aruke. Akiwa na kwapa jeusi ni Pluvialis squatarola, hakuna mwingine mwenye alama hiyo huku. Mimi ilinichukua muda mrefu kujua hilo, nikilaumu macho yangu.

Ombi langu moja: tusiwarushe kwa makusudi ili tupate picha ya kuruka. Hawa wanajaza mafuta ya safari ndefu, kila wakirushwa wanayachoma.

Dada_wa_Tegeta

Wakuu, nimerudi. Nilisubiri mwezi mpevu, nikakaa pale Nahodha aliposema. Saa tisa kasoro maji yalikuwa hatua kumi kutoka miguuni kwangu, na vitwitwi vikanikaribia hadi lenzi ikakataa kufokasi.

Picha namba 14: wawili pamoja. Wa kushoto ana mkanda mweupe shingoni na mdomo mwembamba. Wa kulia hana mkanda, mdomo ni kama gogo, na nikiugeuza unapita jicho. Mguu mmoja una tope, mwingine umeoshwa na wimbi, na ule safi ni wa kijani chenye umanjano. Nimeandika marginatus na leschenaultii. Nirekebisheni kama nimekosea.

Darubini_Mkononi

Hujakosea. Hata wewe mwenyewe ulijua kabla ya kutuuliza. Walikuwepo wala-kaa?

Dada_wa_Tegeta

Saba, na yule wa kijivu bado analia. Safari hii manyoya ya mgongoni kwa mzazi yanaonekana moja moja. Nimesoma kwamba hutaga yai moja tu, ndani ya tundu walilochimba mchangani. Nadhani ndiyo maana hamwachi.