Mjadala: Bembea kwenye ua wa baa, zibaki au zing'olewe?

Baba Wawili (mwanzisha mada)

Wadau, nina swali nimelibeba tangu Jumapili.

Tulikuwa kule juu Tigoni, nje kidogo ya Nairobi, kwenye mojawapo ya zile sehemu za nyama choma zenye nyasi zilizokatwa vizuri, mashamba ya chai kila upande, na kona ya watoto yenye bembea mbili, mtelezo, trampolini na lile jumba la hewa la kurukia. Bili ilipokuja nikaisoma kwa sauti, ni tabia yangu, natafuta kosa: mbuzi kilo moja na nusu, ugali, kachumbari, bia tano, soda mbili, michezo ya watoto mbili. Mke wangu akasema, "Hebu rudia hapo mwisho." Nikarudia. Akacheka, lakini kile kicheko nakijua. Watoto wetu wameandikwa karatasi moja na bia.

Tulipoingia kwenye gari, binti yangu wa miaka sita akafungua kiganja. Vizibo vitupu. Walikuwa wakicheza duka chini ya mtelezo: kizibo cha soda shilingi kumi, cha bia hamsini, "kwa sababu cha bia ni cha wakubwa." Anazijua bia kwa rangi ya kizibo. Mimi umri wake nilikuwa najua magari.

Kwa asiyefuatilia: Sheria ya Kudhibiti Vileo ya Kenya ya 2010, ile tuliyoizoea kama sheria ya Mututho, kwa jina la mbunge aliyeipigania, tayari inamkataza mwenye leseni kumruhusu aliye chini ya miaka 18 kuingia mahali pombe inaponywewa. Kisha Julai 2025 ikazinduliwa sera mpya ya kitaifa inayopendekeza umri wa kunywa upandishwe kutoka 18 hadi 21, na pombe isiuzwe supamaketini wala kwenye mikahawa na maeneo ya burudani yanayopokea watoto. Kelele zilipozidi, Nacada, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wakafafanua kwamba hiyo ni sera, bado si sheria. Kwa hiyo Jumapili tunaenda kama kawaida.

Msimamo wangu nautoa mapema: bembea zibaki. Zikiondoka sijui nitawapeleka wapi hawa wawili. Mtaani kwetu uwanja uliobaki ni wa kuegesha matatu. Nirekebisheni.

Mama Pacha

Baba Wawili, jibu unalo, unachotaka ni kuambiwa uko sawa. Mke wako alishakujibu kwa kile kicheko.

Mimi nilikuwa mteja wa kila wiki wa sehemu kama hizo, sitataja ipi. Msichana wa kuangalia watoto alikuwa mmoja, watoto si chini ya ishirini. Wageni walipojaa akaitwa asaidie kubeba sahani. Pacha wangu mmoja akaanguka kutoka kwenye trampolini, akapasuka mdomo. Unajua nani aliyeniletea? Mtoto mwingine, wa miaka kama minane, amemshika mkono, anapita meza kwa meza akiuliza, "Huyu ni wa nani?" Meza tatu walimtazama wakaendelea na hadithi zao. Na mimi mwenyewe, niseme ukweli, nilikuwa na glasi ya pili ya mvinyo, na sikuwa nimegeuka kutazama kule kwa muda ambao sitaki kuuhesabu.

Ile kona ya michezo imetengenezwa ili mzazi asigeuke. Hiyo ndiyo bidhaa anayouziwa.

Mchoma Nyama

Pole kwa mtoto, dada. Hapo mwenye mahali alikosea na sina la kumtetea.

Lakini wacha niseme kama mtu wa biashara hii, maana nina sehemu ya namna hiyo upande wa Ngong. Mwanamume akiwa peke yake anakunywa popote. Jumapili anayechagua mahali ni mama, na mama anawafuata watoto. Wakisema "tunataka kule kwa jumba la kurukia", gari linageuka. Niliweka bembea kabla ya kuweka choo cha maana, na sioni aibu kusema.

Mnaona nyama ghali mkadhani ndipo tunapokula. Mbuzi namnunua akiwa hai. Toa ngozi, toa kichwa na miguu, toa maji yanayopotelea motoni, lipa makaa, lipa mchomaji. Bia inaingia baridi inatoka baridi. Haichomwi, haiozi, hairudishwi jikoni kwamba ni ngumu. Nyama inaleta watu, chupa inalipa mishahara.

Sasa sikilizeni vizuri. Siku serikali itakaponiambia nichague baina ya friji na bembea, fundi wa kuchomelea atafika Jumatatu asubuhi kukata bembea. Friji itabaki pale pale. Na wateja wangu watakuja vilevile, msijidanganye. Watakaokosa kuja ni watoto, wataachwa nyumbani na yaya na simu. Baba atakunywa zile zile tano, au nane, kwa kuwa hakuna mtu wa kumvuta shati akisema amechoka.

Kamau wa Pikipiki

Mchoma Nyama umesema ukweli mpaka umeniudhi.

Wakili wa Mtaani

Tatizo la kisheria liko kwenye neno moja. Kifungu cha 24 cha sheria ya 2010 kinataja "eneo" ambalo kileo kinatengenezwa, kinahifadhiwa au kinanywewa. Aliyekiandika alikuwa na chumba akilini: kuta, mlango, na mtu wa kusimama mlangoni. Haya, nionyesheni mlango wa shamba la ekari mbili. Meza iko chini ya mti, bia iko mezani, mtoto anakuja kumeza soda mara mbili na kurudi kubembea. Ameingia "eneo" mara ngapi? Ukikisoma kwa ukali, mwenye leseni anafanya kosa kila mtoto anaposhikwa na kiu. Ukikisoma kwa ulegevu, hakuna kosa kabisa. Katikati ya tafsiri hizo mbili ndipo afisa anapokuja Ijumaa jioni kuomba "ya chai".

Kwa hiyo mimi sipendi sera inayopiga marufuku kitu ambacho tayari kimepigwa marufuku. Ningependa mtu aandike mambo madogo: uzio kati ya kona ya watoto na meza, mwangalizi asiyebeba sahani, saa ya watoto kuondoka. Hayo afisa anaweza kuyaona kwa macho. "Mahali pa familia" hakuna anayeweza kupapima.

Nesi wa Somerset

Habari za huko nyumbani. Naishi kijijini huku Uingereza, na nikisema kijijini namaanisha baa moja, kanisa moja na basi linalopita likitaka.

Hiyo baa ndiyo sebule ya kijiji. Ina bustani nyuma yenye bembea, na Jumapili familia nzima iko pale kwa nyama ya kuoka. Watu wa kwetu wakinitembelea hushangaa kumwona bibi, mjukuu na mbwa meza moja na bia katikati. Lakini msidhani ilikuwa hivi tangu zamani. Sheria yao ya watoto ya 1908 iliwatoa wenye chini ya miaka 14 kwenye chumba cha baa. Wazee wa hapa wananisimulia walivyokuwa wakiachwa nje na soda na pakiti ya krispi, dirisha likiwa limefungwa, wakisikia wakubwa wanavyocheka ndani. Mwaka 1995 ndipo vilipokuja vyeti vya watoto: baa iliyopewa cheti iliweza kuwaingiza wakiwa na mtu mzima. Sheria ya 2003, iliyoanza kazi Novemba 2005, ikalegeza zaidi. Mahali ambapo biashara kuu ni kunywa, mwenye chini ya 16 haingii bila mtu mzima. Wa miaka 16 na 17 hata anaruhusiwa bia au mvinyo mezani pamoja na chakula, akinunuliwa na mkubwa aliyeketi naye.

Na bado wanasahau watoto. Juni 2012 ilijulikana kwamba Waziri Mkuu wa wakati huo, David Cameron, na mkewe walitoka kwenye baa ya mashambani kule Buckinghamshire wakamwacha binti yao wa miaka 8, kila mmoja akidhani yuko kwenye gari la mwenzake. Na walinzi wote wale!

Ninachojaribu kusema, Mama Pacha, ni kwamba hapa mtoto anakaa meza moja na wazazi. Bembea ni ya dakika kumi wakisubiri chakula. Kwetu nakumbuka bembea ni ya kutwa nzima.

Mtu wa Forodhani

Assalaam alaykum. Mie nawasoma kwa mshangao, samahani. Mnazungumza kama kwamba mtoto hawezi kupata bembea mpaka pawe na chupa.

Huku Unguja jioni familia inashuka Forodhani. Bustani ilitengenezwa upya ikafunguliwa 2009 na watoto wakawekewa sehemu yao ya kuchezea. Mama anakula urojo, baba anakunywa juisi ya miwa, watoto wanazurura mbele ya macho ya watu wazima ambao wote wana akili zao timamu. Ndugu zetu wa Mombasa nao wana Mama Ngina pale baharini, iliyotengenezwa 2019: madafu, mihogo, viazi karai, upepo wa bure. Hakuna anayeandikiwa bili ya "michezo ya watoto".

Baba Wawili

Mtu wa Forodhani, wa alaykum salaam. Umenigusa pale pale panapouma, ila umenisaidia bila kukusudia. Forodhani ni bustani ya umma. Nioneshe yetu.

Sisi Nairobi na viunga vyake bustani tunazipigania kwa damu. Mwaka 1989 Wangari Maathai alitukanwa hadi bungeni kwa kukataa jengo la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park. Januari 2015 watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road walirushiwa vitoa machozi walipokuwa wakidai kiwanja chao kilichozungushiwa ukuta. Watoto wa shule, wamevaa sare, wanatoa machozi kwa sababu ya uwanja wa kuchezea! Baada ya hapo unashangaa mzazi wa huku akienda kununua bembea kwa mchoma nyama?

Na Wakili, nimefungua Katiba usiku. Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, nambari 4. Kazi za kaunti. Leseni za vileo ziko kwenye orodha moja na bustani za kaunti, fukwe na vifaa vya burudani. Mistari michache tu kati yake! Ni ile bili yangu ya Tigoni kabisa. Anayetoza ada ya leseni ya baa ndiye aliyepewa kazi ya kunijengea bembea. Ile kazi ya kwanza anaifanya kwa bidii kweli.

Basi pendekezo langu: kila kaunti inayotaka kung'oa bembea kwenye ua wa baa ianze na kuweka zake, wadi kwa wadi. Ikishaweka, nitakuwa wa kwanza kuacha kwenda Tigoni.

Mama Pacha

Hapo kwa kaunti nakubali. Lakini unaisubiri kaunti huku binti anahesabu vizibo.

Kijana wa Bembea

Nina miaka 19 na hakuna aliyetuuliza sisi, kwa hiyo wacha niseme.

Nililelewa kwa hizo bembea. Kikopey, Kamakis, Kiserian, nimebembea kote. Saa sita mchana hadi saa kumi ilikuwa raha, siwezi kudanganya. Baba alikuwa mtu wa kuchekesha saa hizo, anatusukuma mpaka tunapiga kelele. Nyama ikija tunaitwa, tunakula, tunarudi.

Kisha jua linashuka, baridi inaanza, na watoto wenye bahati wanaitwa kwenda nyumbani. Mnaanza kuwa wachache. Mwenye jumba la hewa anazima mashine, na lile jumba linalala polepole kama ng'ombe anayepiga magoti. Nilikuwa nachukia ile sauti ya hewa ikitoka. Maana yake ni kwamba sasa kazi yangu ni kwenda mezani kuuliza tunaondoka saa ngapi, na jibu ni "hii ndiyo ya mwisho". Nilijifunza kuhesabu za mwisho. Rekodi ilikuwa tano.

Baada ya hapo ni kwenye gari, mimi na mdogo wangu, sweta moja, madirisha yamefunguliwa kidogo. Sikulala njiani hata siku moja. Nilikuwa nakaa nyuma ya baba namtazama kwenye kioo cha ndani nione kama macho yake yamefunguka. Polisi wenye alkoblo, kile kipimo cha pombe cha kupuliza, wakitusimamisha nilikuwa nafurahi, wengine wote ndani ya gari wakinuna.

Kwa hiyo mnapobishana kuhusu bembea, mimi sina neno na bembea.

Mchoma Nyama, swali moja tu, na naliuliza kwa heshima, mzee wangu. Kwako kona ya watoto inafungwa saa ngapi?

Mchoma Nyama

Saa kumi na mbili. Giza likiingia sitaki mtoto kwenye trampolini.

Kijana wa Bembea

Na baa?

Mchoma Nyama

Saa tano, kama sheria inavyosema.

Kijana wa Bembea

Kati ya saa kumi na mbili na saa tano watoto wanakaa wapi?

Mchoma Nyama

Wengi huwa wameondoka.

Waliobaki wanakaa kwenye magari. Askari wangu wa maegesho huwa anawapitia na tochi, anawagongea kioo, anawauliza kama wanataka kwenda choo.