Ushauri: Mke anataka mtoto abatizwe akiwa mchanga, mimi dhamiri inakataa

Baba Mtarajiwa
Bwana asifiwe wapendwa. Naomba ushauri, hasa kwa mlio kwenye ndoa za madhehebu mawili.

Nimekulia kanisa linalobatiza kwa maji mengi, mtu akishaamini mwenyewe. Mke wangu ni Mlutheri. Tulipooana tulikubaliana kila mmoja aendelee kusali kwao, na tumeishi kwa amani. Sasa tunatarajia mtoto wa kwanza. Yeye anataka abatizwe mapema. Mimi nataka tumweke wakfu kwa maombi, ubatizo usubiri hadi atakapoamini.

Tulikaa na Biblia mezani. Nikafungua Marko 16:16, "Aaminiye na kubatizwa ataokoka," nikamwonyesha kuamini kumetangulia. Naye akafungua Matendo 16: Lidia alibatizwa pamoja na nyumba yake, mlinzi wa gereza yeye na watu wake wote. Akaniuliza nani kaniambia nyumba hizo hazikuwa na watoto. Nami nikamuuliza nani kamwambia walikuwemo. Tukaishia hapo, kila mtu akalala ameumia.

Sisemi mke wangu amepotoka. Lakini mtoto ni mmoja. Unaheshimuje tafsiri ya mwenzako pale ambapo lazima moja ifuatwe na nyingine iachwe?

Upanga wa Roho
Ndugu, hapa hakuna cha tafsiri, Neno liko wazi. Mchanga hatubu, haamini, sasa anabatizwa kwa imani ya nani? Wewe ni kichwa cha nyumba, simamia kweli.

Binti wa Agano
Kaka Upanga, mimi ni Mlutheri na maneno kama hayo huniuma, maana yanadhani sisi hatusomi. Soma Wakolosai 2:11-12, Paulo anavyoweka tohara na ubatizo pamoja. Isaka alitahiriwa siku ya nane, kabla hajajua lolote. Petro naye siku ya Pentekoste alisema ahadi ni "kwa ajili yenu, na kwa watoto wenu." Kwetu ubatizo ni Mungu kumshika mtu kabla mtu hajamshika Mungu. Unaweza kukataa hoja hii, lakini usiseme hatuna Andiko.

Mleta mada, elewa kwamba ukimwambia mkeo "tusubiri tu", wewe unaona hakuna kinachopotea. Yeye anasikia mtoto wake ananyimwa neema.

Mzee Msomaji
Niongeze historia kidogo, labda itapunguza joto.

Mabishano haya ni ya zamani sana. Tertuliano, mwandishi Mkristo wa kale, mwanzoni mwa karne ya 3, alishauri watoto wacheleweshwe kubatizwa. Origene, mwalimu mwingine wa kanisa la kale, muda mfupi baadaye, aliandika kwamba kanisa lilipokea kwa mitume desturi ya kuwabatiza wachanga. Augustino, aliyekuja kuwa askofu na mwalimu mkubwa wa kanisa, alizaliwa mwaka 354 na mama Mkristo, Monika, lakini alibatizwa mwaka 387 akiwa mtu mzima. Sijasikia upande wowote ukisema Monika hakumpenda Kristo.

Halafu tazama mambo yalipogeuka. Januari 1527, baraza la mji wa Zürich, Uswisi, lilimwua kwa kumzamisha Felix Manz katika mto Limmat kwa sababu ya kubatiza watu wazima waliokwisha kubatizwa utotoni. Waliomwua walisoma Biblia ile ile na walikuwa na hakika kama Ndugu Upanga alivyo na hakika leo. Walutheri nao waliwatesa Waanabaptisti, yaani kundi hilo la akina Manz, na mwaka 2010 huko Stuttgart, Ujerumani, waliwaomba msamaha Wamenno, kanisa lililotokana na Waanabaptisti hao. Ubatizo wa watoto hawakuuacha, wanao hadi sasa. Walichotubia ni namna walivyowatendea wenzao. Mleta mada, mambo hayo mawili yanaweza kutenganishwa hata nyumbani kwako.

Upanga wa Roho
Mzee, sijasema mtu auawe. Ila tukienda hivyo kila kitu kitakuwa tafsiri. Mtu akisema Kristo hakufufuka tumheshimu pia?

Mzee Msomaji
Swali zuri. Paulo huyo huyo katika 1 Wakorintho 15 anasema kama Kristo hakufufuka imani yetu ni bure, na hapo halegezi hata kidogo. Lakini kuhusu siku na vyakula, Warumi 14, anasema kila mtu na athibitike katika akili zake mwenyewe. Ubatizo hauko sawa na vyakula, ni jambo zito zaidi, nakubali. Hata hivyo mume na mke hawa wote wanabatiza kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, na wote wanataka mtoto awe wa Kristo. Kanisa la India Kaskazini, lililoundwa mwaka 1970, lilikusanya Waanglikana, Wabaptisti na wengine, na linaruhusu njia zote mbili: mtoto abatizwe kisha athibitishe imani ukubwani, au abarikiwe kisha abatizwe akiamini.

Mama wa Wawili
Mdogo wangu, mimi na mume wangu tulipita hapo hapo. Kilichotusaidia ni kuacha kurushiana mistari. Kila mmoja alieleza imani ya mwenzake, na hakuruhusiwa kutoa yake mpaka mwenye imani aseme, "Ndiyo, hivyo ndivyo ninavyoamini." Ilichukua muda. Mume wangu alipoieleza ya kwangu vizuri kuliko ninavyoieleza mimi, hasira ziliniisha.

Wanetu walibatizwa wachanga. Mume wangu alisimama nami mbele, ila ahadi zile ambazo dhamiri yake ilikataa hakuzitamka. Nami sikumlazimisha, maana Warumi 14:23 inasema tendo lisilotoka katika imani ni dhambi. Sisemi nanyi muamue kama sisi. Mkiamua kusubiri, basi ni wewe utakayepaswa kumlinda mkeo kwa ndugu zako, asisikie kwamba ameshindwa.

Baba Mtarajiwa
Asanteni sana, na Binti wa Agano umenifungua macho. Dada Mama wa Wawili, mume wako alimwambiaje mchungaji? Na mtoto akikua akataka maji mengi, mtafanyaje?

Mama wa Wawili
Alikwenda mapema, wiki kadhaa kabla ya ibada, akaeleza wazi anachoamini na asichoweza kutamka. Mchungaji akakubali mimi na wasimamizi tujibu.

Hilo la pili lizungumzeni sasa hivi. Kwako itakuwa ndiyo ubatizo, kwa mkeo itakuwa kusema ule wa kwanza haukuwa kitu. Sisi tulikubaliana mtoto akifikia hapo atazungumza nasi wote wawili tukiwa pamoja, na hakuna atakayempeleka kimya kimya. Tuliliandika na kila mmoja ana nakala yake.