Munich na skii Januari: kulala Garmisch, kulala Innsbruck, au kwenda na kurudi kila siku?

BwanaTiketi
Wakuu, naomba ulinganisho. Tuko watu wanne, usiku nane, nusu ya pili ya Januari, tunatua Munich. Wawili hawajawahi kuvaa skii, wawili wanashuka njia nyekundu (za ugumu wa kati) bila shida. Mipango iliyopo mezani ni mitatu: (1) kulala Munich siku zote na kupanda treni ya Garmisch-Partenkirchen, mji wa skii milimani, asubuhi, (2) usiku nne Garmisch, nne Munich, (3) usiku nne Innsbruck, Austria, nne Munich. Gari hatutaki. Upi una mantiki?

RatibaYaReli
Namba 1 itoe kabisa. Kwenye karatasi inapendeza: treni ya kawaida kutoka Munich hadi Garmisch ni kama saa 1 na dakika 20, na Bayern-Ticket (tiketi ya siku ya treni za kawaida za jimbo la Bavaria) moja inabeba hadi watu watano. Lakini siku za kazi tiketi hiyo haianzi kabla ya saa 3 asubuhi. Ukiondoka saa 3 na nusu unafika karibu saa 5, na bado hujachukua buti wala pasi. Unakuja kugusa theluji saa 6 mchana, wakati lifti zinafungwa kuanzia saa 10 jioni hivi. Umelipia siku nzima, umeteleza nusu yake. Wikiendi tiketi inaanza usiku wa manane, ila ndiyo siku ambayo watu wa Munich nao wamejazana humo na mbao zao.

Mkienda hata mara moja, angalieni hili: treni za Garmisch mara nyingi hutoka kwenye majukwaa 27 hadi 36, upande wa kaskazini wa stesheni kuu, si kwenye ukumbi mkubwa unaoingilia. Ukiwa na mizigo, weka dakika kumi za kutembea. Na Bayern-Ticket haikubaliki ndani ya treni za masafa marefu, ICE wala EC, hata kama kiti ni kitupu.

MamaMtelezo
Kwa hao wawili wapya, namba 2. Watu hulinganisha kilomita za njia, wakati mwanafunzi siku tatu za kwanza anahitaji mita mia mbili tu za mteremko mlaini na mkanda wa kumrudisha juu. Garmisch-Classic (Hausberg, Kreuzeck na Alpspitze) ina kama kilomita 40, na eneo la wanafunzi liko chini pale Hausberg. Anayelala karibu anarudi kupumzika mchana bila kungoja wenzake. Hilo linaokoa magoti, maana wanafunzi wengi huumia alasiri, miguu ikishachoka na theluji imeshachimbwa mashimo.

Msinunue pasi kamili siku ya kwanza. Lipieni darasa la kikundi na tiketi ya lifti za wanafunzi tu. Darasa linaanza na kabari: ncha za mbele zikaribiane, mikia itanuke, uzito uende mbele kwenye ulimi wa buti. Anayeogopa huegemea nyuma, na hapo ndipo skii zinapomponyoka, kwa sababu ncha za mbele zimekosa uzito na hazigeuki tena.

Kule_Brenner
MamaMtelezo kasema kweli kuhusu wanafunzi, ila wawili wenye uzoefu tusiwasahau. Garmisch mji uko mita 700 na ushei tu juu ya usawa wa bahari. Upepo wa joto wa föhn ukivuma siku mbili, njia za chini zinabaki theluji ya mashine, asubuhi ngumu kama sakafu, mchana uji. Innsbruck yenyewe iko chini zaidi, lakini pasi moja ya Ski plus City inakufungulia maeneo mengi yanayouzunguka mji pamoja na vivutio vya mjini. Theluji ikiwa mbaya mnakwenda Kühtai, kijiji kilicho mita 2,020. Eneo la Axamer Lizum linawafaa wa njia nyekundu. Nordkette, safu ya milima juu ya mji, unapanda kutoka katikati ya mji kwa reli ya Hungerburg, halafu gari la waya hadi kituo cha Seegrube. Mandhari yake hayana mfano, lakini ni mwinuko mkali, mwanafunzi msimpeleke na skii.

Ubaya wake: mji ni mji. Kila asubuhi ni basi la skii, mmevaa buti, dakika ishirini hadi hamsini kutegemea eneo. Kwa mtu anayejifunza hiyo ni adha.

RatibaYaReli
Munich hadi Innsbruck kuna njia mbili. EC kupitia Kufstein ni chini kidogo ya saa 2. Nunueni tiketi ya nafuu mapema, lakini inawafunga kwenye treni hiyo hiyo. Nyingine inapita Garmisch, Mittenwald na Seefeld, ni ndefu zaidi ila inapasua katikati ya milima. Kwa vyovyote pasipoti iwe mfukoni, si kwenye begi la juu, kwani polisi wa Ujerumani hukagua mpakani mkirudi.

BwanaTiketi
Shukrani. Je, Zugspitze? Naona ni mita 2,962 na theluji ya uhakika. Si tuwapeleke wanafunzi huko moja kwa moja?

MamaMtelezo
Hapana, kaka. Theluji ni ya uhakika kweli, kwani eneo la kuteleza linaanzia kama mita 2,000. Lakini huko hakuna mti hata mmoja. Ukungu ukishuka, ardhi na mbingu vinakuwa rangi moja, hujui mteremko unaanzia wapi. Tena lifti nyingi ni za fimbo ya T. Mgeni anataka kuikalia kama kiti, inashuka naye, anaanguka njiani na kuwaangusha wanaofuata. Ile husimamiwa: magoti yalegee, iache ikusukume matakoni. Nendeni siku ya nne, na asubuhi angalieni kamera za mlimani kabla ya kulipa. Upepo ukizidi, magari ya waya yanasimama.

FundiButi
Mnazungumza milima tu, wakati likizo nyingi huharibikia dukani pa kukodi. Chukueni vifaa jioni ya kuamkia siku ya kwanza. Buti hupimwa kwa sentimita za mguu. Chomoa buti la ndani, ingiza mguu kwenye ganda tupu, vidole viguse mbele: nyuma ya kisigino pabaki nafasi ya kidole kimoja hadi viwili. Zaidi ya hapo ni kubwa. Watu huchagua kubwa wakidhani ni raha, kisigino kinapanda na kushuka, wanakaza vifungo mpaka damu haipiti, halafu wanalalamika baridi. Soksi ni jozi moja, nyembamba, inayofika gotini. Suruali ya ndani isiingie kwenye buti. Mshono mmoja tu unatosha kuchuna ugoko.

Fundi atauliza uzito, urefu, umri na kiwango. Semeni kweli, hata mama zetu. Kibanio cha skii hufungwa kwa hesabu hiyo: kikikazwa kupita kiasi hakiachii ukianguka, na goti ndilo linalopinda, kikilegea, skii inakutoka kwenye kona. Na kibanio kikigoma kulia "ta!", usikanyage kwa hasira. Kuna theluji imegandamana chini ya soli. Ikwangue kwa fimbo, jaribu tena.

Jeans acheni hotelini.

Viza_na_Bima
Mnaotoka Dar au Nairobi: ombi la Schengen linapelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, na zikilingana, ile mnayoingilia kwanza. Nne kwa nne mkitua Munich, ni Ujerumani. Mkibadilisha kuwa tano Innsbruck na tatu Munich, ni Austria, na msione ajabu faili likirudishwa. Dirisha ni miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari. Bima ya viza ni angalau euro 30,000, lakini someni vipengele: nyingi hazigusi michezo ya theluji. Tafuteni inayotaja skii kwa jina, uokoaji wa helikopta, na madhara utakayomsababishia mwingine. Mlimani aliye juu ndiye mwenye jukumu la kumkwepa aliye chini yake.

Kule_Brenner
Basi kwa kundi hili nakubali namba 2, na wale wawili wazoefu wapewe siku moja ya Zugspitze na moja ya Alpspitze. Telezeni Jumatatu hadi Ijumaa, Munich iwe wikiendi.

RatibaYaReli
Naam, ila Jumapili Munich maduka yamefungwa, isipokuwa yale ya stesheni. Manunuzi yafanyike Jumamosi kabla ya saa 2 usiku. Jumapili ni ya Alte Pinakothek, jumba la makumbusho ya sanaa, kiingilio euro 1 siku hiyo, na Jumatatu imefungwa. Uwanja wa ndege ni treni za mji za S1 au S8, dakika 40 na kitu. Zote mbili zinafika, pandeni inayotangulia.