Wetisuti ya wapiga mbizi kwa triathloni: ninunue?

Kijana wa Milimani: Habari zenu wakubwa. Niko Kisumu. Mwezi wa nane nitakuwa kwa dada yangu Uingereza na nimejiandikisha triathloni huko: kuogelea mita 1,500 ziwani, baiskeli kilomita 40, mbio kilomita 10. Kuna jamaa hapa mjini anauza wetisuti (nguo ya mpira ya kubana mwili majini) ya wapiga mbizi, unene milimita 7, bei ya kuvutia. Nataka niizoee ufukweni Dunga, Ziwa Victoria, kabla ya safari. Pesa haijatoka bado, nishaurini.

Pedeli: Usiitoe. Triathloni hairuhusu wetisuti ya kupita milimita 5, ukifika nayo watakuzuia. Tena ile ya kupiga mbizi ni ngumu mabegani, mikono itachoka mapema mno. Ya triathloni mabegani na kwapani huwa nyembamba ili mkono uzunguke, kifuani na mapajani nene ili miguu ielee.

Kijana wa Milimani: Asante sana. Sasa nitajuaje saizi yangu?

Pedeli: Kilo na urefu wako ulinganishe na jedwali la kampuni, halafu uijaribu mwilini. Ivute polepole kwa ncha za vidole, kucha huipasua. Panda nayo hadi ishike vizuri msambani, hapo ndipo wengi huchoka wakaacha, kisha mabega yakakosa nafasi. Inua mikono yote miwili. Mgongoni juu ya kiuno pasibaki mfuko, maji yataingia hapo na utayaburuta njia nzima. Shingoni ibane, lakini upumue na kumeza mate bila shida. Nchi kavu utahisi imekubana, majini inalegea kidogo. Na shingo usiipake mafuta ya mgando, yanaharibu neopreni, yaani mpira wa wetisuti.

Nyar Dunga: Ndugu yangu, hapa kwetu hiyo nguo huihitaji. Ziwa letu ni kama nyuzi 25, ukiogelea kwa nguvu ndani ya neopreni utapata joto vibaya. Hata huko, kwa washiriki wa kawaida kwenye mita 1,500, maji yakifika nyuzi 22 wetisuti hukatazwa. Kwa hiyo mazoezi mengi fanya bila hiyo nguo. Ningekuwa wewe ningekodisha huko huko Uingereza, nifike mapema, niingie nayo majini kabla ya siku yenyewe.

Kijana wa Milimani: Nilidhani pia itanikinga na kichocho.

Nyar Dunga: Hapana. Maji huingia ndani, na mikono, miguu na uso viko wazi. Konokono wenye vijidudu hukaa sana ufukoni penye majani, basi ingia majini kutoka kwenye mashua, mbali na gugu maji. Ukishaogelea ziwani, baada ya wiki kadhaa kapime, dawa yake ipo. Alfajiri usiingie, viboko wanarudi kutoka malishoni. Waulize wavuvi wamewaona wapi asubuhi hiyo, na mashua ikufuate, boya la rangi kali likiwa kiunoni.

Kijana wa Milimani: Jamaa nimemwambia sinunui. Nani anajua mwenye mashua wa kuaminika Dunga, Jumamosi saa tatu?