Ushauri: alama ya kromosomu ya 6 imegoma kugawanyika 1:2:1, niifute?

mpunga_wembere: Wakuu, salamu toka Igunga, Tabora. Nipo kwenye utafiti wa uzamili. Nilichanganya aina mbili kuu za mpunga, mama indica, baba japonica, nikapata mimea 180 ya F2 (kizazi cha pili). Alama za DNA nilizopima ni 160, nyingi zinamtii Mendel: robo za mama, nusu mchanganyiko, robo za baba (1:2:1). Ila moja ya kromosomu ya 6 imetoa 71 za mama, 86 mchanganyiko, 23 za baba. Kai-skweya (kipimo cha umbali kutoka matarajio) inakaribia 26, kikomo cha kusema ni bahati ni 5.99! Msimamizi kasema futa, endelea na ramani ya jeni. Moyo unasita.

Kaka_Kaliua: Futa umalize shule mkuu. Kwenye alama 160, nane hivi hupinda kwa bahati tu.

MamaJaruba: Za bahati hazifiki 26, kaka. Mdogo wangu, majirani wa hiyo alama wakoje? Kama wako sawa, ulisoma vibaya jeli ya kupimia DNA, rudia. Kama nao wamepinda, na kupinda kunapungua kadiri unavyosogea mbali, jeni inayosababisha iko karibu na pale palipopinda zaidi.

mpunga_wembere: Shikamoo dada. Zimepinda saba mfululizo, hiyo ndiyo kali kuliko zote.

MamaJaruba: Marahaba. Sasa tazama hao 86, karibu nusu ya 180. Ingekuwa miche ya aina ya baba inakufa baada ya mbegu kutungwa, mama na mchanganyiko wangebaki 1:2, yaani 71 kwa 142 hivi. Hawakubaki. Mchujo ulifanyika kabla, na upande mmoja tu: chavua au yai. Kromosomu hiyo ina jeni S5, inayojulikana kwa machotara ya indica na japonica. Huua mfuko wa kiinitete (unaobeba yai) wenye nakala ya japonica. Jeni nyingine, Sa, ya kromosomu ya 1, huua chavua. Lakini usikimbilie kuandika S5. Rudisha F1 (chotara wa kizazi cha kwanza) kwa mzazi wa japonica mara mbili, kwanza F1 akiwa mama, halafu akiwa baba. Mgawanyo ukipinda akiwa mama tu, tatizo liko kwenye yai.

jembe_la_nzega: Mimi mkulima tu. Ndiyo maana machotara mengine yanajaa mapepe, punje tupu?

MamaJaruba: Umenipiga bao! Hesabu mapepe ya F1, kisha dondoshea chavua yake iodini. Chavua ikishika rangi nyeusi vizuri na mapepe bado mengi, upande wa kike ndio mgonjwa. Kipimo cha bei ya chai.

mpunga_wembere: Mapepe ya F1 yalikuwa mengi kweli, nikawalaumu kwelea kwelea. Nimebakiwa na mbegu 11 za F1, naziloweka leo.