Joto likianza nauchukia mwili wangu, naombeni ushauri

Mleta uzi: Habarini wapendwa. Kipindi cha baridi huwa niko sawa, ila joto likianza tu, nateseka. Wenzangu wanavaa nguo nyepesi, mimi nimejifunika sweta huku jasho linanitiririka mgongoni, sitaki mtu aone mikono yangu. Nimealikwa kuogelea, nimesingizia kuumwa. Najipima uzito asubuhi na jioni, nusu kilo ikiongezeka siku yote imeharibika. Sasa nimeanza kuruka chakula cha mchana. Mliopitia haya mlifanyaje?

Mama Pendo: Pole sana mwanangu. Hiyo mizani itoe chumbani. Uzito wa mtu mzima hupanda na kushuka hata kilo moja au mbili kwa siku moja, ni maji na chakula kilichomo tumboni, sio mafuta. Tena kwenye joto mishipa ya damu hutanuka, vidole na miguu huvimba kidogo. Pete ikikubana usidhani umenenepa. Na mchana kula! Ukishinda njaa, usiku utakula kwa pupa, halafu utajichukia zaidi.

Mpole: Sweta vua, utazimia. Kama mikono bado hujawa tayari kuionyesha, vaa shati pana la pamba. Kuogelea nenda na rafiki mmoja unayemwamini, muda usio na watu wengi, hata robo saa. Ukikwepa kila mwaliko, hofu inazidi kukua.

Na punguza kutazama picha za watu mtandaoni. Huko Fiji, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, mwaka 1995, televisheni ilipokuwa ndiyo kwanza imefika eneo moja, watafiti waliwahoji wasichana wa shule, hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Walipohoji wengine mwaka 1998, waliosema hivyo walikuwa asilimia 11.

Mleta uzi: Asanteni sana. Hapo kwenye kujitapisha mmenigusa. Nimeshafanya, na hakuna anayejua.

Mama Pendo: Asante kwa kutuambia, mwanangu, najua haikuwa rahisi. Hilo sasa ni la daktari, usilibebe peke yako. Kutapika mara kwa mara hupunguza potasiamu mwilini, madini yanayosaidia moyo kupiga sawasawa, na moyo unaweza kupiga vibaya hata kwa mtu asiyeonekana mgonjwa. Ukisikia kizunguzungu au moyo kwenda mbio, nenda hospitali saa hiyohiyo. Mweleze daktari wazi kama ulivyotueleza sisi, na uombe kuonana na mshauri wa afya ya akili. Una mtu wa kukusindikiza?

Mleta uzi: Dada yangu. Namwambia leo.